Dawa Aliyopaswa Kunywa Mwanangu

KITUO CHA POLISI, CHUMBA CHA UPELELEZI
MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Limehifadhiwa jaladani. Mtaani anaitwa Mama Pasi.
Umri: Miaka 63
Kazi: Mpiga pasi, duka la dobi
Makazi: Nyumba ya vyumba vitatu nyuma ya ghala la mbao
Uhusiano na mtuhumiwa: Mama mzazi
Uhusiano na mlalamikaji: Nilikuwa nikimpeleka mkwe wangu kwake kutibiwa
Tarehe: 19, mwezi wa saba. Kuanza kuandika: saa 4:05 asubuhi.

Koplo amenieleza kwamba niseme nilichokiona na kukisikia, nisiseme ninachodhani, na kwamba nikisema uongo nami nitashtakiwa. Nimemwambia nimeelewa. Nimemwambia pia kwamba nimekuja kwa miguu yangu mwenyewe, sikuitwa.

Mimi ni mjane. Nina mtoto mmoja, huyo mliyemshikilia hapa. Ana miaka 36, ni fundi wa friji na majokofu, na watu wanamwita Fundi Baridi. Wanaozijua hasira zake hulicheka jina hilo. Alioa miaka sita iliyopita. Mke wake ni karani wa posta, dirisha la vifurushi. Tunaishi nyumba moja, watu watatu. Katika miaka hiyo sita hawajapata mtoto.

Mnamo tarehe 4 mwezi wa tatu mwaka huu, siku ya Jumatatu, saa tatu asubuhi, nilimpeleka mkwe wangu kwa tabibu ambaye ndiye mlalamikaji. Habari zake mkwe wangu alizipata kwa mwenzake wa kazini. Tabibu huyo hutibu kwa elimu ya kale ya Kihindi iitwayo Ayurveda. Chumba chake kiko ghorofa ya kwanza, juu ya duka la miwani. Unapanda ngazi za chuma, unaingia ukumbi mdogo wenye viti vitatu, halafu kuna chumba chake, na pembeni chumba kingine chenye kitanda cha mbao ambako mama mmoja msaidizi huwakanda wagonjwa wa kike kwa mafuta ya ufuta ya uvuguvugu.

Nieleze kwamba hapo si mahali pa kwanza. Mimi ndiye niliyekuwa nikimhimiza. Kila mwaka niliokota jina la mtu mpya wa kumpeleka, na kila mwaka mkwe wangu alifungasha kitambaa chake na chupa yake ya maji akanifuata. Mwaka wa pili wa ndoa alipoona haya kuchunguzwa nilimwambia, “Mwanangu, mficha uchi hazai.” Nilimwambia mimi, kwa mdomo wangu huu. Naomba hilo liandikwe kama nilivyolisema.

Tabibu alimshika mkwe wangu mkono akasikiliza mapigo kwa vidole vitatu, kwa muda mrefu hata nikadhani amesinzia. Akamwangalia ulimi. Akamuuliza anakula saa ngapi, analala saa ngapi, siku zake zinakujaje, tumbo linasagaje chakula. Mkwe wangu akasema dirishani kwake hakuna nafasi ya kula mchana, foleni haiishi, hula saa kumi na moja jioni vilivyopoa. Tabibu akasema, “Moto wa tumbo ukizimwa kila siku, usishangae chungu hakiivi.”

Kisha akatueleza jambo ambalo sijalisahau. Alisema kwa elimu yao, ili mimba ishike panahitajika vitu vinne, kama mkulima: majira, shamba, maji na mbegu. Majira ni siku za mwanamke na umri wake. Shamba ni tumbo la uzazi. Maji ni lishe inayozunguka mwilini. Mbegu ni ya wote wawili. Akasema kimoja kikikosekana, vitatu vitachoka bure.

Akanigeukia mimi. Akasema, “Mama, mmeniletea shamba. Nusu ya mbegu iko wapi?”

Nikamjibu, “Mwanangu hana tatizo.”

Akasema, “Sijasema ana tatizo. Nimesema hayupo.”

Mkwe wangu alicheka kidogo. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwona akicheka mbele ya mtu wa dawa. Mimi sikucheka.

Tabibu alisema wanandoa huandaliwa pamoja, kwa miezi mitatu kabla ya kutafuta mtoto. Alisema chakula huwa damu, damu huwa nyama, nyama huwa mafuta, mafuta huwa mfupa, mfupa huwa uboho, na uboho ndio mwisho huwa mbegu. Ndiyo maana mtu hawezi kula vizuri leo akavuna kesho. Hakuahidi mtoto. Niliuliza waziwazi, “Kwa hiyo atazaa?” Akasema, “Mimi nafagia nyumba, mama. Mgeni kuja si amri yangu.” Akaongeza kwamba kama baada ya matayarisho hakuna kitu, atawaandikia wote wawili waende hospitali kupimwa, kwa sababu yeye habahatishi mahali penye kipimo.

Alitupa pakiti mbili za unga wa mizizi. Ya mkwe wangu ilifungwa uzi mwekundu, ilikuwa satavari, ya kunywa na maziwa ya moto na samli kijiko kimoja. Ya mwanangu ilifungwa uzi wa buluu, ilikuwa ashwagandha, nayo ya kunywa na maziwa kabla ya kulala. Kila wiki mbili tulitakiwa kurudi.

Tukiwa tunashuka ngazi, mkwe wangu alinipa ile pakiti ya uzi wa buluu. Alisema, “Mama, mpe wewe. Nikimpa mimi ataona namlaumu. Wewe hakukatalii.” Nikaipokea nikaitia kwenye mkoba.

Sikumpa.

Koplo ameniuliza kwa nini sikumpa. Najibu kwamba nitafika hapo, lakini nataka kwanza niseme mambo yalivyofuatana.

Tulirudi tarehe 18 mwezi huohuo, kisha tarehe 1 mwezi wa nne, tarehe 15, tarehe 29, kisha tarehe 13 na 27 mwezi wa tano. Jumatatu ni siku yangu ya mapumziko, kwa hiyo sikukosa hata mara moja. Mkwe wangu alikuwa akianza kwa kukandwa chumba cha pembeni, na wakati huo mimi nilikaa na tabibu, yeye akiuliza na kuandika kwenye daftari lake lenye jalada jeusi. Kila mara aliuliza, “Na bwana anatumia?” Kila mara nilisema anatumia. Mara ya pili akauliza analalamika? Nikasema halalamiki. Mara ya tatu nikaona nikisema yaleyale atashuku, nikasema, “Anasema ni chungu kidogo.” Mara nyingine nikasema siku hizi analala vizuri. Uongo ukishaanza kupika, hukosi viungo. Kila mara alinipa pakiti mpya, nami kila mara niliiweka kwenye kopo la biskuti chini ya nguo zangu. Zikafika saba.

Katika miezi hiyo mkwe wangu alibadilika, na hili nililiona kwa macho. Alianza kula mchana, alimwomba msimamizi wake dakika ishirini akapewa. Alilala mapema. Zamani siku zake zikija alikuwa akijikunja kitandani siku nzima. Mwezi wa tano, akiwa katika siku hizo, nilimkuta amesimama jikoni anakata vitunguu huku anaimba. Tabibu alisema nyumbani kusiwe na ugomvi, kwa hiyo tukakubaliana mambo ya kubishana yabishaniwe nje. Mwanangu alikuwa akitania, “Jamani, nina hasira, naomba ruhusa nikagombane na geti.” Tulicheka. Nyumba ilikuwa na amani ambayo haikuwahi kuwa nayo, na mimi ndani ya amani hiyo nilikuwa sipati usingizi.

Mnamo tarehe 10 mwezi wa sita, tabibu aliniambia, “Mama, huyu binti yuko tayari. Mapigo yake si yale ya mwezi wa tatu. Kama bwana naye ametumia dawa hivi mnavyoniambia, basi tumefika mwisho wa uwezo wangu wa kukisia. Waende wakapimwe.” Akaandika barua mbili za hospitali. Ya mkwe wangu alimpa mwenyewe. Ya mwanangu, ya kipimo cha mbegu za kiume, alinipa mimi. Nilimshukuru. Nikaenda nikaitia kwenye kopo pamoja na zile pakiti.

Mkwe wangu alipimwa wiki hiyohiyo. Waliomwona hospitali walimwambia hawaoni kasoro. Alinionyesha karatasi yake, akasema, “Mama, soma hapa.” Nikasoma. Nikasema, “Mungu mkubwa.” Kisha nikatoka nikaenda kuanua nguo ambazo bado zilikuwa mbichi.

Tarehe 24 mwezi wa sita tabibu aliniuliza kuhusu kipimo cha bwana. Nikasema kazi zimembana, friji za watu zinaharibika kila siku. Tarehe 8 mwezi wa saba goti langu lilikuwa limevimba, mkwe wangu akaenda peke yake. Huko tabibu akamuuliza mwenyewe. Yeye akauliza, “Barua gani?” Tabibu akaandika nyingine, akampa mkononi.

Mkwe wangu hakuniuliza chochote aliporudi. Alinipikia supu kwa ajili ya goti. Alikaa na barua ile wiki nzima. Jumatatu tarehe 15, saa moja jioni, tukiwa mezani, aliitoa akaiweka kando ya sahani ya mumewe. Akasema, “Mimi nimeshapimwa. Bado wewe.” Mwanangu akaisoma, akaikunja mara nne, akaitia mfuko wa shati. Alimaliza chakula chake, akaosha sahani yake mwenyewe, jambo ambalo halifanyi.

Mnamo tarehe 16 mwezi wa saba, Jumanne, nilikuwa kazini. Saa nne kasoro robo asubuhi nilikuwa napiga pasi mashati ya walinzi, nikamwona mwanangu akipita mbele ya duka kwa mwendo wa haraka. Hakuwa na begi lake la vifaa. Tangu awe fundi sijawahi kumwona siku ya kazi bila begi lile. Nikamwambia mwenzangu anishikie pasi, nikamfuata. Kwa sababu ya goti sikumfikia. Nilipopanda zile ngazi za chuma yeye alikuwa ameshaingia chumbani kwa tabibu na mlango ulikuwa wazi.

Sasa naeleza jinsi chumba kilivyokuwa. Kuna meza ndefu ya mbao karibu na ukuta wa kushoto. Juu ya meza kulikuwa na jiko dogo la gesi, na juu ya jiko sufuria ya mafuta ya ufuta yakichemka na mizizi. Tabibu hupika mafuta yake mwenyewe, huyachemsha mpaka maji yote yatoke. Alikuwa amesimama upande wa ukutani na mwiko mkononi. Mwanangu alisimama upande wa pili. Meza ilikuwa kati yao. Mimi nilisimama mlangoni, kama hatua nne. Hakukuwa na mtu mwingine. Yule mama msaidizi alikuwa hajafika.

Nilisikia mwanangu akisema, “Wewe ndiye uliyeandika kwamba mimi si mwanamume?”

Tabibu akasema, “Nimeandika ukapimwe. Kaa kwanza, bwana fundi.”

“Sikai. Umenichunguza lini? Hujawahi hata kuniona!”

“Ndiyo maana nimefurahi umekuja. Miezi minne unakunywa dawa yangu, sura siijui.”

Mwanangu akasema, “Dawa gani?”

Tabibu akaweka mwiko chini. Akavuta lile daftari jeusi, akafungua, akasoma kwa sauti. Alisoma tarehe na maneno. “Mume anatumia. Mume anatumia, halalamiki. Mume anasema ni chungu kidogo. Mume analala vizuri, mama anasema hata rangi yake imekuwa nzuri.” Alikuwa anasoma kama mtu anayemsaidia mwenzake kukumbuka. Hapohapo akainua macho akaniona mlangoni, akaacha kusoma. Nafikiri ndipo alipoelewa. Samahani, koplo amenionya nisiseme ninachofikiri. Niseme hivi: aliniona, akalifunga daftari.

Mwanangu akageuka. Akasema, “Mama. Dawa gani?”

Sikujibu.

Akauliza tena, polepole, kama anavyoongea na mteja asiyesikia vizuri. “Mama, dawa gani nakunywa mimi?”

Nilikuwa nasikia mafuta yanavyotokota.

Mwanangu akaigeukia meza akaisukuma kwa mikono miwili. Sufuria iliteleza, ikapinduka upande wa tabibu. Mafuta yalimmwagikia mkono wa kushoto kuanzia kwenye kiwiko mpaka vidoleni. Mitungi miwili ya dawa ilianguka ikavunjika. Tabibu hakupiga kelele kubwa, alitoa sauti fupi tu akaukumbatia ukuta.

Nikiulizwa kama sufuria ilianguka yenyewe, najibu haikuanguka yenyewe. Nikiulizwa kama meza ilikuwa mbovu, najibu haikuwa mbovu. Ina miguu minne mizima. Nasema hivi kwa sababu siku ileile, askari wakiwa wanamtoa nje kumleta hapa, mwanangu aliniambia kwa sauti ya chini, “Mama, sema meza iliyumba.” Haikuyumba.

Nikiulizwa kama alikusudia kumwunguza tabibu, najibu sijui. Alikuwa ameikabili meza, lakini macho yake yalikuwa yametoka kwangu muda huohuo. Sijui kama aliiona sufuria. Mimi niliiona, na sikusema “angalia mafuta.” Na haya nayo naomba yaandikwe, kwa sababu ni kweli kama yale mengine: mwanangu ndiye aliyekuwa wa kwanza kuzima gesi. Ndiye aliyemshika tabibu begani akampeleka kwenye bomba, akafungulia maji yakamwagika juu ya mkono ule, akawa anasema, “Usiutoe, mzee, usiutoe, acha upoe.” Alikuwa analia. Alikuwa bado ameshika mkono wa tabibu chini ya maji fundi miwani wa chini alipopanda na kupiga simu kwenu. Ilikuwa saa nne na nusu.

Koplo ameniuliza ni nani aliyemchokoza mtuhumiwa. Najibu ni mimi, na sasa naeleza kwa nini sikumpa dawa.

Mwanangu alipokuwa na miaka kumi na sita aliugua matubwitubwi. Mashavu yalivimba, na siku ya tano uvimbe ukashuka sehemu za siri, pande zote mbili. Alilala chali siku tisa, hawezi hata kufunikwa shuka. Nilimpeleka zahanati kwa mkokoteni wa jirani. Daktari wa pale alimtibu, uvimbe ukaisha. Siku ya mwisho alinitoa nje, akaniambia, “Mama, wengi hupona kabisa. Wachache mbegu zao hupungua au hukatika. Huyu akikaribia kuoa mlete apimwe, msije mkamwonea binti wa watu.” Alisema hayo maneno. Msije mkamwonea binti wa watu.

Sikumwambia mtu. Marehemu mume wangu alikuwa hawezi kuficha kitu, angeliweka jambo hilo mtaani kabla jua halijazama. Mimi mwenyewe nilizaa mtoto mmoja tu, na kwa miaka mingi ndugu wa mume waliniita Mama Mmoja, nikiwepo na nisipokuwepo. Nilijua jina likishamwingia mtu halitoki kwa sabuni. Nikasema mwanangu hatapewa jina. Nikasema akifika kuoa nitamwambia. Akafika kuoa, nikampigia pasi suti yake, nikamfunga vifungo vya mikono, nikanyamaza.

Baadaye kila mwaka ulivyopita, kusema kulizidi kuwa kugumu. Ningesemaje mwaka wa tatu jambo ambalo sikulisema mwaka wa kwanza? Nikaona heri mkwe wangu aendelee kutafutiwa dawa, labda Mungu atajalia, nami niwe sijasema chochote. Pakiti za uzi wa buluu nilizificha kwa hofu kwamba akinywa ataanza kuuliza: dawa ya nini, ana nini? Kuuliza kungemfikisha kwenye kipimo. Nilikiogopa kile kipimo kuliko ambavyo yeye angekiogopa.

Siku ileile ya tarehe 16, saa kumi na mbili jioni, mkwe wangu alirudi kutoka kazini akiwa ameshapata habari. Nililitoa kopo la biskuti nikalifungua mbele yake, nikamweleza yote niliyowaeleza hapa. Alichukua pakiti moja, akafungua uzi, akanusa, akaifunga tena vizuri. Akasema, “Mama, siku ya harusi yetu ulijua?”

Nikasema, “Nilijua kuna jambo la kupimwa.”

Akasema, “Usinijibu kama wakili.”

Nikasema, “Nilijua.”

Aliirudisha pakiti ndani ya kopo. Kisha akasema, “Miaka sita nimeugombeza mwili wangu kama mtoto mtundu. Na wewe ulikuwa chumba cha pili unasikia.”

Aliweka nguo kwenye begi, akaenda kwa dada yake. Tangu hapo sijamwona, na sijamfuata, kwa kuwa sina haki ya kumfuata.

Tarehe 17 saa nane mchana nilikwenda hospitali kumwona tabibu. Mkono umefungwa mpaka kwapani. Nilianza kumwomba radhi, akaninyamazisha. Aliniuliza, “Yule binti bado analala mapema?” Nikasema sijui, ameondoka. Akasema, “Akirudi mwambie aendelee kula mchana. Hata kama hatazaa, tumbo ni lake.” Nilipoaga aliniambia, “Nenda ukaseme ulichokiona. Usinipendelee mimi na usimpendelee yeye.”

Jana tarehe 18, kwa ruhusa ya mkuu wa zamu, nilizungumza na mwanangu kwenye dirisha la mahabusu kwa dakika kumi. Nilimwambia habari ya matubwitubwi. Anakumbuka ugonjwa, hakujua maana yake. Aliniuliza jambo moja tu. “Yule daktari alisema haiwezekani, au alisema nipimwe?”

Nikasema, “Alisema upimwe.”

Akasema, “Kwa hiyo hata wewe hujui.”

Nikasema, “Sijui.”

Akasema, “Miaka ishirini, mama. Huenda sina kitu. Huenda ninacho. Huenda kilitibika na muda umepita. Hukunificha aibu, ulinificha mimi mwenyewe.” Kisha akasema nisije nikasema meza iliyumba. Akasema, “Niliisukuma. Sema hivyo.” Maneno hayo ni yake, si yangu, na amekubali niyataje.

Ninakabidhi kopo la biskuti lenye pakiti saba zilizofungwa uzi wa buluu, moja ikiwa imefunguliwa na kufungwa tena, pamoja na barua ya kwanza ya hospitali ya tarehe 10 mwezi wa sita.

Hayo ndiyo niliyoyaona, na hayo ndiyo niliyoyaficha. Nimesomewa yote kwa sauti, nimeyatambua kuwa yangu, sikulazimishwa wala kuahidiwa kitu.

Sahihi ya shahidi: (imewekwa)

MAELEZO YA AFISA
Nimeandika maelezo haya kwa Kiswahili, lugha ambayo shahidi ameichagua, nikamsomea naye akayakubali bila kufuta neno. Kielelezo kimoja (kopo) kimepokelewa na kuandikishwa. Baada ya kuweka sahihi, shahidi aliomba iongezwe sentensi ifuatayo, nami nimeiongeza kama alivyoitamka: “Mkwe wangu hana kosa lolote, na hakuwahi kuwa nalo.”

Nilimaliza saa 6:10 mchana. Nilipomtoa shahidi mpaka mapokezi, mke wa mtuhumiwa alikuwepo. Kwa mujibu wa kitabu cha wageni alifika saa 4:40 asubuhi kutoa maelezo yake, akaelezwa kwamba mama mkwe wake yuko ndani, akasema atasubiri. Nilimwambia anaweza kuingia sasa. Aliomba dakika chache. Alisogeza mkoba wake kwenye benchi ili shahidi apate mahali pa kukaa kwa sababu ya goti. Shahidi alikaa.

Koplo wa zamu: (sahihi)